Sura ya Tano: Kwa Nini Mkate Wangu Hudidimia Katikati?

"Vipimo nimevifuata vyote. Kikombe ni kilekile, mchele ni uleule, hamira nimefungua mpya. Wa mama unasimama, wangu unaingia shimo katikati. Nimekosea wapi?"

Katika maswali yote ninayoulizwa kuhusu mapishi ya nyumbani, hili linaongoza. Linahusu mkate wa kumimina, ule ambao Mombasa wanauita mkate wa sinia: mchele uliolowekwa, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria na kuokwa. Huulizwa zaidi Ramadhani inapobisha hodi. Wanauliza maharusi wapya, wanauliza vijana waliohamia mji mwingine kwa kazi, wanauliza akina baba walioamua kushika jiko siku za Jumapili.

Nami niliuliza. Nilikuwa Dar es Salaam, mkate wenye shimo uko mbele yangu, nikampigia mama Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imelegea?"

"Mkate umedidimia tena."

"Rojo uliliacha muda gani?"

"Saa moja, kama ulivyoniambia."

"Saa moja nilikwambia mwezi wa saba. Sasa tuko mwezi wa pili, na jua lote hili. Ulikwenda kulitazama?"

Sikulitazama. Nilitazama saa ya ukutani.

Sura hii inaeleza kile ambacho mama alikuwa akikitazama miaka yote ile, kila alipofunua kawa, akachungulia, akafunika tena bila kusema neno.

Rojo lina uhai

Hamira ni kuvu. Ni ndugu wa mbali wa uyoga, ila ni mdogo kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu hubeba mabilioni ya chembe zake. Kwenye pakiti zimelala. Zikikutana na maji, sukari na joto la wastani, zinaamka na kuanza kula. Zinakula sukari, zinatoa hewa ya kaboni, ileile inayochemka kwenye soda ukifungua chupa. Hewa hiyo ndiyo inayoinua rojo. Pamoja nayo hutoka kilevi kidogo sana, ambacho hupotea kwenye moto, na harufu ile ya uchachu mtamu inayomjulisha jirani kwamba leo kwako kuna kitu.

Kwa karne nyingi watu waliumua mikate bila kujua ni nani anayefanya kazi hiyo. Miaka ya 1850 na 1860 mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Bibi zetu hawakumsoma Pasteur, lakini walilifunika rojo kwa kitambaa, wakaliweka mahali penye vuguvugu pasipo upepo, na kuwakataza watoto kulitikisatikisa. Walilitunza kama kitu chenye uhai, na walikuwa sahihi.

Kitu chenye uhai huenda na hali ya hewa. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, jiko la pwani hupita nyuzi joto 30 mchana, na hamira hula kwa pupa. Kipindi cha kusi, asubuhi ya Julai, joto hushuka hata kukaribia nyuzi 20, na hamira hiyohiyo hujikokota. Rojo lililohitaji saa moja mwezi wa saba laweza kuwa tayari kwa dakika 40 mwezi wa pili. Ukilingoja litimize saa, litapanda, litafika kileleni, na litaanza kushuka kabla hujawasha moto. Huo ndio mkate niliokuwa nao siku ile. Ulididimia ukiwa bado bakulini. Moto ulikuja kuthibitisha tu.

Moto nao huua hamira. Ikifika karibu nyuzi 60 inakufa, na haiamki tena. Wengi huichoma bila kujua: wamekuna nazi, wamekamulia maji ya moto ili tui litoke zito, kisha wakamwaga hamira humohumo. Chovya kidole kwenye tui kwanza. Kama kidole hakivumilii, hamira haitavumilia. Na blenda ikisaga kwa muda mrefu hupasha rojo joto, kwa hiyo hamira iingie mwisho.

Kama huiamini hamira yako, itie kwenye robo kikombe cha maji ya vuguvugu na kijiko kimoja cha sukari. Baada ya dakika 10 iwe imetoa povu. Isipotoa, itupe, hata kama tarehe ya pakiti haijafika.

*Kwa ufupi: muda ulioandikwa kwenye mapishi ni wa jikoni kwa aliyeandika, siku aliyoandika. Wako utategemea joto la kwako.*

Mchele hauna wavu

Hapa ndipo mkate wa kumimina unapokuwa mgumu kuliko maandazi, na inafaa tukae kidogo.

Unga wa ngano una protini ambazo zikilowa na kukandwa hushikana zikawa kama mpira unaovutika. Mpira huo unaitwa gluteni. Ukikanda maandazi ukaona unga unarudi ukiuvuta, gluteni ndiyo inayorudi. Hewa ya hamira ikitoka, gluteni huizuia kama wavu unavyozuia samaki. Ndiyo maana donge la maandazi unaweza kulisahau kidogo, ukalikanda upya, likaumuka tena.

Mchele hauna gluteni. Rojo la mchele huzuia hewa kwa uzito wake tu, kama uji mzito unavyochelewesha povu kupasuka. Likiwa jepesi, hewa hupanda juu na kutoroka. Likiwa zito mno, haliumuki. Na likisha kuumuka likashuka, hakuna wavu wa kulisimamisha tena.

Ndiyo maana wapishi wa pwani wana siri tatu ambazo mara nyingi hazifiki kwenye karatasi. Ya kwanza ni vijiko viwili au vitatu vya wali uliopikwa, unaosagwa pamoja na mchele mbichi. Wengine hupika rojo kidogo likawa uji, wakalirudisha. Ya pili ni ute wa yai uliopigwa ukafura, unaokunjiwa kwenye rojo dakika za mwisho. Ya tatu ni kusaga mpaka rojo liwe laini kabisa, usisikie chenga ukilisugua kwa vidole.

Siri ya wali ndiyo inayonivutia zaidi. Mchele umejaa wanga, na wanga mbichi hukaa ndani ya maji kama mchanga laini: ukiuacha, unazama chini. Wanga uliopikwa hufura, hunywa maji, huwa na mnato. Kijiko cha wali ndani ya rojo hufanya kazi ya gundi. Huning'iniza chenga za mchele mbichi na kuyapa mapovu kuta za kushikilia. Ukivuka bahari hadi Kerala, kusini mwa Uhindi, utakuta mkate wa duara unaoitwa vattayappam: mchele, nazi, sukari, hamira, mara nyingi na iliki, ila wao huupika kwa mvuke. Nao hutia uji au wali uliopikwa ndani ya rojo, kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kwenda Komoro, utakuta mkatra futra, ambao mtu wa Unguja akiuona atauita mkate wa ufuta bila kufikiri. Pepo za kaskazi na kusi, zinazobadilisha mwendo wa hamira yetu, ndizo zilizosukuma majahazi baina ya pwani hizi kwa mamia ya miaka, na ndani ya majahazi walikuwamo watu wenye njaa na kumbukumbu ya jiko la mama.

Kuhusu sukari nitasema machache. Ikiyeyuka, hulifanya rojo kuwa jepesi zaidi. Ikizidi, huvuta maji kutoka kwenye chembe za hamira na kuzichelewesha. Wapishi wengi wazuri huitia baada ya rojo kuumuka mara ya kwanza, wakakoroga taratibu, wakaliacha lipande tena kidogo. Binafsi hutia kijiko kimoja mwanzo, ili hamira ipate cha kuanzia, na iliyobaki baadaye.

Vipimo ninavyotumia, kwa kikombe cha mililita 250:

- mchele vikombe 2, uloweke usiku kucha
- tui zito kikombe 1 na nusu, uongeze kidogo mchele ukilidai
- wali vijiko 2 vya kulia
- hamira kijiko 1 cha chai
- sukari robo tatu ya kikombe
- ute wa yai 1
- iliki ya kutwanga mwenyewe, kijiko 1 cha chai

Iliki ya pakiti iliyosagwa zamani imekwisha kupoteza mafuta yake, na mafuta ndiyo yanayobeba harufu. Menya punje ukitaka kuzitia, muda huohuo.

Namna ya kulitazama rojo

Nilimwomba mama anieleze anachokiona. Alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa anamtambuaje mwanawe sokoni. Kisha akasema, "Likiwa tayari uso wake unafura, una vijitundu. Ukilisukuma bakuli linatikisika lote, halichezi kama maji." Nimekaa na maneno hayo miaka mingi, na hivi ndivyo ninavyoyafafanua.

Rojo bichi uso wake ni bapa na unang'aa. Ukitikisa bakuli, linakwenda na kurudi kama maziwa. Harufu ni ya nazi tupu.

Rojo lililo tayari limepanda karibu maradufu. Uso umefura kidogo katikati, umefifia mng'ao, na umejaa vijitundu vidogo vinavyokaribia kulingana. Ukiweka sikio karibu, nyumba ikiwa kimya, utasikia mchakacho mwepesi sana wa mapovu. Harufu ya nazi imeshika uchachu mtamu.

Rojo lililopitiliza lina mapovu makubwa yanayopasuka. Katikati pameanza kuinama, na ukingoni mwa bakuli limeacha alama ya mahali lilipofika kabla ya kushuka. Harufu yake inaelekea kwenye pombe. Hili lisiingie kwenye sufuria la mkate. Tia vijiko vichache vya unga wa ngano, likoroge, ukachome vitumbua. Watoto watakushukuru na hakuna kitakachopotea.

Ushauri wangu kwa anayeanza: tumia bakuli la kioo, au chombo chochote kinachoonyesha ndani, na ufunge uzi au mpira kwa nje mahali rojo linapoanzia. Kila baada ya dakika 15, nenda ukatazame.

Moto juu, moto chini

Tuseme rojo limekubali. Mkate bado waweza kudidimia, na safari hii kosa ni la moto.

Rojo likiingia kwenye joto, mapovu hupanuka, na maji hugeuka mvuke na kuyapanua zaidi. Kwa dakika chache mkate hupanda kwa kasi. Wakati huohuo wanga unafura na kushika, ute wa yai unaganda, na kuta za mapovu zinakuwa ngumu. Ni mbio kati ya hewa inayotaka kutoka na kuta zinazotaka kukomaa. Kuta zikiwahi, mkate unasimama. Hewa ikiwahi, katikati panaingia shimo, kwa sababu katikati ndiko joto linakofika mwisho.

Sasa fikiria sufuria juu ya jiko la gesi, moto chini peke yake. Chini paungua, juu pabichi. Unafunua kifuniko kuchungulia, mvuke wote unatoka, kifua cha mkate kinashuka. Wazee walilijibu tatizo hili kwa kupalia makaa: moto kidogo chini, na makaa yaliyowaka vizuri juu ya kifuniko cha bati au sinia. Kwa njia hiyo jiko moja la mkaa likawa tanuri.

Ajabu kwa mgeni ni kwamba juu huwekwa makaa mengi kuliko chini. Sababu ni hii. Joto la chini lina njia rahisi: sufuria limegusana na jiko, na hewa ya moto yenyewe hupanda. Joto la juu halina njia hiyo, kwa kuwa hewa ya moto haishuki. Linaufikia mkate kwa mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, kama lile unalolihisi usoni ukikaa kando ya moto bila kuugusa. Mnururisho unahitaji kifuniko kiwe cha moto sana, ndiyo maana makaa yanaongezwa. Wanaooka keki kwa sufuria lenye mchanga wanafanya kazi nyingine ya busara: mchanga hupokea joto polepole na kulisambaza sawasawa, hivyo chini hapapati doa la kuungua.

Na majivu? Ukimwona mama anafukia makaa kwa majivu, anapunguza moto. Majivu huzuia hewa isiyafikie makaa haraka, nayo huwaka taratibu. Ni kama kuzungusha kitufe cha gesi.

Mkate wa kumimina unataka mambo haya kwa mpangilio. Paka sufuria samli au mafuta na ulipashe kwanza. Rojo likigusa sufuria la moto, chini hushika mara moja na kuwa msingi. Mimina, funika, punguza moto. Usifunue kwa dakika 15 za mwanzo, hata roho ikikusukuma. Uso ukisha kukauka pembeni na kujaa matundu, ndipo moto wa juu uingie kwa nguvu ili upate rangi ya kahawia. Mwenye oveni aweke nyuzi 180, na kwa dakika za mwisho awashe moto wa juu. Asiye na oveni wala mkaa anaweza kuupika juu ya gesi kwa moto mdogo sana, kisha akaupindua kwenye kikaango kilichopashwa ili uso upate rangi. Choma njiti safi katikati. Ikitoka kavu, umeiva.

Jambo moja ni la uhai: jiko la mkaa likae nje au kwenye baraza iliyo wazi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa inaua watu waliolala. Ikinyesha, subiri.

Je, nitumie beking pauda?

Hili ni swali la pili kwa wingi. Jibu langu ni hapana kwa mkate wa kumimina, ndiyo kwa keki.

Beking pauda haina uhai. Ni mchanganyiko wa magadi na asidi kavu. Vikilowa, vinatoa hewa papo hapo. Inaharakisha kazi, lakini haileti ladha, na ladha ya mkate wa kumimina ni ile ambayo hamira huitengeneza taratibu huku wewe ukiendelea na shughuli nyingine.

Hata hivyo ninaipenda historia yake, kwa kuwa ilianzia nyumbani. Mwaka 1843, mkemia wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Alfred Bird alitengeneza beking pauda kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira. Mwili wake uliikataa. Miaka michache kabla, alikuwa amemtengenezea kastadi isiyo na yai, kwa kuwa mayai nayo yalimdhuru. Kopo lililoko kwenye kabati lako lilianza na mume aliyetaka mkewe ale pamoja na wengine mezani.

Mkate wa mayai hauhitaji hamira wala beking pauda. Mayai 6, sukari kikombe 1, unga wa ngano kikombe 1, iliki. Hewa yote inatoka mkononi mwako. Mayai na sukari vipigwe mpaka viwe vyeupe na vizito, kiasi kwamba ukiinua mchapo, uzi unaodondoka unakaa juu ya uso kidogo kabla ya kuzama. Kwa mkono ni dakika 20 au zaidi. Kwetu tulikuwa tukipokezana, watoto wanne kwenye mkeka, kila mmoja akihesabu mapigo mia kwa sauti kisha anampasia mwenzake, na mdogo kuliko wote alipewa kazi ya kumenya iliki. Unga ukisha kuingia, kunja kwa mwiko taratibu, mara chache. Ukikoroga sana unaamsha gluteni na kupasua mapovu mliyoyahangaikia.

Mkate uliolala

Subiri upoe kabla ya kukata. Ukiwa wa moto, wanga bado haujatulia, na kisu kitauvuta uwe kama ugali. Nusu saa inatosha. Kipande cha kwanza kwetu hakiliwi. Kinakwenda kwa jirani, na sahani yake hairudi tupu. Wiki ile ile inarudi na vileja, au kashata, au maembe mawili ikiwa jikoni kwake hakukuwashwa moto.

Kinachobaki usikitie kwenye friji. Mkate wa mchele hukauka na kuwa mgumu upesi kwa sababu wanga uliopikwa, ukipoa, hujipanga upya na kubana, na baridi ya friji huharakisha mambo. Ufunge kwa kitambaa safi, uuweke kwenye chombo chenye kifuniko, uliwe kesho yake. Asubuhi, paka kikaango tone la samli, weka vipande kwenye moto mdogo, funika dakika mbili tatu. Wanga hulegea tena, pembe zinakuwa karakara, na iliki inanukia upya.

Pembe hizo ndizo tulizokuwa tukizigombania. Mkate wa duara hauna pembe nyingi za kutosheleza watoto wanne, kwa hiyo mama alikuwa na utaratibu wake: aliyeamka kwanza na kuinjika chai ndiye anayechagua. Asubuhi baada ya mkate, kwetu chai ilikuwa inachemka kabla ya adhana ya alfajiri.